Kibati Namba 214

Mimi hukusanya pesa zilizokufa.
Zilizo hai hazikai kwangu, muulizeni mke wangu,
muulizeni yule wa mafuta ya taa karibu na stendi ya Tukuyu.
Lakini zilizokufa zinanijua jina.
Huja zimefungwa pindoni mwa kanga,
ndani ya kiberiti, ndani ya soksi ya mtoto,
na mvua yetu hii isiyojua Jumapili
huzisindikiza hadi mlangoni.

Ndururu yenye tundu, iliyovaliwa shingoni kuzuia kikohozi.
Thumuni ya sungura. Mbuni wa senti ishirini
aliyepita mikono mingi hadi akabaki shingo.
Na hela ya Mjerumani, shaba nyekundu,
iliyoliacha jina lake katika kila mfuko wa nchi hii
kisha ikafa haina hata senti.

Sheria yangu ni moja, nimeiandika kwa mkaa juu ya meza:
USISUGUE.
Kutu ndiyo cheti cha kuzaliwa.

Bi Subilaga alikuja Juni, baridi inang'ata masikio,
kutoka huko chini ya Katumba, kwa miguu.
"Ugonile," akasema, akafungua kiganja.

Kibati cha shamba la chai.
Mchumaji alimwaga kikapu, karani akasoma mizani,
akampa kibati; jioni kibati kikageuka ujira.
Hiki hakikurudi dirishani.
Siku hiyo mama yake alishikwa na uchungu katikati ya mistari,
akakifumbata, akakifumbata,
hadi mtoto akalia chini ya majani.
Mtoto mwenyewe ndiye huyu, miaka sabini na moja,
anachuruzika maji kwenye sakafu yangu.

Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa natazama kitu kingine.
Kilikuwa kinang'aa.
Kinang'aa kama jino la tajiri.
Alikesha akikisugua
kwa majivu ya maganda ya ndizi na ndimu mbili za kununua,
asije akaonekana kuleta uchafu nyumbani kwa mtu.

Nikavuta kigoda. Nikamweleza polepole,
kama daktari anayetafuta pa kuanzia.
Kingekuja na kutu yake, mama, laki na nusu.
Hivi kilivyo, elfu thelathini. Nazo kwa shida.

Akanitazama kama atazamwavyo mtoto aliyemeza kishikizo.
"Kumbe mnanunua uchafu?"
Akacheka mpaka akashika nguzo.
"Ungesema mapema, ningekubebea sufuria."

Akazipokea thelathini. Hakubishana,
na afadhali angebishana.
Akazikunja mara nne, akavaa mfuko wa nailoni kichwani,
na kwenye kizingiti akageuka:
"Na ile siku ya mama, hiyo analipa nani?"
Alikuwa haniulizi mimi. Alikuwa anaiuliza mvua,
au mlima Rungwe, ambao siku hiyo haukuonekana.

Sikukiweka kwenye kitabu pamoja na wenzake.
Kiko dirishani, juu ya ubao unaolowa.
Kila asubuhi, kabla ya chai, nakivunjia sheria:
nakishika kwa vidole vyenye jasho,
nakipumulia, nakiacha ukungu ukirambe.
Ile mbili imeanza kupata kivuli.
Ile nne bado inanikodolea macho.
Kwa mwendo huu kitafika laki na nusu
mimi nikiwa nimeshaoteshewa majani.

Juzi mke wangu alikuwa anapiga hesabu za mwezi.
Akasimamisha kalamu, akaniita.
Katika daftari letu la madeni,
chini ya mafuta ya taa, chini ya unga wa kwa Anyitike,
kuna mstari kwa mwandiko wangu ambao haukumwingia akilini:

214. Siku moja. Haijalipwa.