Jina la Ndani

Jumamosi, saa mbili asubuhi, simu ya kwanza ilitoka Kirua,
Mama Aikande Ndosi: ujumbe umefika,
"Malipo yako ya kahawa, bonyeza hapa,"
nimebonyeza mpaka kidole kimeota sugu,
ukurasa mtupu.

Ya pili Uru. Ya tatu Mwika.
Kufikia saa nne niliacha kuhesabu.
Meneja alilaumu mtandao, akalaumu mvua ya usiku,
akalaumu simu za wakulima.
Nami, Mungu anisamehe, nilibonyeza kiungo kilekile mezani,
kikafunguka kama mlango uliotiwa mafuta,
nikatamka maneno ya aibu ya kazi yetu:
"Mbona kwangu kinafunguka?"

Kwangu. Neno lenyewe lilikuwa jibu, sikulisikia.

Harufu ya makapi kutoka kiwanda cha kukobolea
ilipanda ngazi mpaka ghorofa ya pili.
Nikasoma anwani tarakimu kwa tarakimu,
kama karani na hati ya kihamba chenye kesi:
mia moja ishirini na saba, nukta, sifuri, nukta, sifuri, nukta, moja,
mlango wa elfu nane na themanini.

Hiyo si anwani ya ushirika.
Ndivyo mashine inavyosema "mimi".
Tuliwatumia watu elfu tatu neno "mimi",
na kila simu, kwa utii, ikajigeukia,
ikajipekua kwenye pindo la kitenge, huko migombani,
ikitafuta kwake pesa zilizo kwetu.
Mashine yangu ilizikuta tu kwa kuwa
nakala ya zamani bado inaishi humu.

Ijumaa Ndelilio alihamisha seva,
akaweka bawabu mpya, proksi,
hodi zote huitikia yeye.
Mgeni anataja jina kamili la anayemtafuta;
bawabu anaingia ndani na kusema: kuna mtu.
Programu, huko jikoni, haijui imeitwaje.
Ikiulizwa inakaa wapi, inataja jina la ndani.

Nalijua hilo. Kibosho mimi ni Mkunde.
Mwaka wa kwanza chuoni nililijaza kwenye fomu ya mkopo,
hakuna aliyenipata mpaka Machi.

Ulikosekana mstari mmoja:
mpelekee jina aliloitwa nalo.
Nikauandika. Nikajaribu kwa simu, kwa bando langu mwenyewe.
Jina likaja, kamili, zuri,
ila bila kufuli.
Bawabu aliwapokea wageni kwenye lango la kufuli,
akaripoti ndani kwamba wamepitia uchochoroni.
Mstari wa pili, basi. Nukta mkato nikaisahau,
seva ikagoma, nikaitukana kwa Kichaga,
ikasikia.

Viungo vya asubuhi havirudi.
Tulituma vingine, tukaanza na "samahani",
neno ambalo Meneja alitaka lifutwe
kwa sababu linarefusha ujumbe.

Saa kumi kasoro, Mama Aikande tena.
Kimefunguka, akasema.
Kisha kimya. Nilisikia mbuzi wake.
"Mwanangu, hii ni ya kilo zote,
au kiungo chenu bado kina kasoro?"

Nikaangalia.
Nikaangalia tena, herufi kwa herufi.
Jina sahihi. Kufuli lipo.
Mlango ni wenyewe.