Neno Lenye Nyota

Nyundo ya mama haina tena mpini wake wa kwanza,
wala wa pili. Kichwa tu ndicho kile kile
alichonunua Birere mwaka ule wa moto,
lava ilipoingia kwetu bila hodi
na kukaa.

Tangu hapo anaiuza, ndoo kwa ndoo,
kokoto za wajenzi. Nyumba yetu imo humo chini,
husema, siku moja nitaifikia.

Jumanne alipita Tuija, Mfini, mpima mlima,
mimi nikimsukumia vifaa vyake kwenye chukudu.
Akainama, akaokota kipande chenye matundu kama mkate,
akasema kwa lugha yake: kivi.

"Kivu?" mama akauliza, akaonyesha ziwa kwa kidevu.

Hapana. Kivi. Akaketi juu ya ndoo, akaeleza,
mimi nikitafsiri nusu, nusu nikibuni:
kwamba kabla Ufini haijawa na jina
watu wa misitu ya mbali huko walisema kiwe,
wakatawanyika, na neno likapasuka nao.
Waestonia wakabaki na kivi.
Wahungaria wakaondoka na kibanzi, kő,
kisichojaza mdomo.
Lile la mwanzo, hakuna aliye hai aliyelisikia.
Wataalamu wamelikisia kutokana na vipande,
wakaliwekea nyota mbele
kama sisi tunavyoweka msalaba.

Nyundo ikasimama hewani.
"Kiwe? Jiwe! Huyu iko ndugu yetu!"

Tuija akacheka, akatikisa kichwa. Si ndugu.
Ndugu wa jiwe lenu ni ibuye la majirani;
haya mawili yamefanana sura tu,
kama wageni wawili waliovaa kitenge kimoja sokoni.

Mama hakubishana. Akapiga: moja likawa matatu.
Akayatazama yalivyolala.
"Muulize, haya nayo, yakikutana Hungaria
yatajuana?"

Hilo sikulitafsiri.

Jioni mvua ilinuka kiberiti, wateja wakapunguza bei.
Mama akapekua rundo, akachagua kipande
kilichomeza msumari, kutu imechungulia upande mmoja
(msumari wa mlango wa nani, hakusema)
akamtia Tuija mkononi.
"La bure. Ndugu hapimiwi kwa ndoo,
hata ndugu wa kusingiziwa."

Kisha akamdai faranga mia tano
za kukalia ndoo.