Mvua ya Helsinki

Baba aliiunda usiku, juu ya meza ya kulia:
waya wa shaba, fimbo mbili za kutelezea thelujini,
na kisanduku alichobadilishana kwa chupa ya vodka
na fundi wa bandarini asiyependa maswali.
Mama alishika tochi.
Mimi niliambiwa nishike ulimi.

Tallinn, mtaa wa Mustamäe, ghorofa ya tano,
dirisha likitazama kaskazini, kwenye bahari
ambayo hatukuruhusiwa kuivuka
hata kwa mawazo.

Kwanza chenga. Chenga tupu,
kama theluji iliyoingia sebuleni bila hodi.
Kisha, ndani ya chenga, mwanamke mwenye kijiti
akigusa ramani: huku mvua, huku mawingu,
pale jua, kwa saa chache.
Mvua ya Helsinki!
Mvua ya watu wengine, ya kesho yao,
nasi tumekodoa macho kama tuliofunuliwa siri ya dola.
Baba alipangusa miwani. Akaipangusa tena.

Najua wengine wakiulizwa watamtaja mtu aliyekanyaga mwezi,
au lile bao la dakika ya mwisho,
au bibi harusi wa kifalme na shela ndefu kama barabara.
Sibishi.
Usiku wa mwezi, Bibi Õie huapa,
yeye kwenye skrini aliona kwaya:
wanaume arobaini wenye tai
wakiimba habari za chuma.

Lugha yao ni binamu ya yetu,
tuliiokota kwenye matangazo ya kahawa na sabuni.
Neno langu la kwanza lilikuwa “punguzo”.
Shangazi Leida alikataa kudanganywa:
ile nyama dukani, alisema, ni plasta
iliyopakwa rangi. Nyama haiwezi kuwa nyingi hivyo
na foleni isiwepo.

Siku moja darasani mwalimu akauliza, bila kututazama,
kesho hali ya hewa itakuwaje.
Mkono wangu ukapanda kabla ya akili:
mvua, kutoka magharibi, baada ya saa tisa.
Darasa likanyamaza, hata viatu vikanyamaza.
Redio yetu ilikuwa imetangaza jua.
Mwalimu alifunga kitabu polepole.
“Basi,” akasema, “tuje na makoti.”
Na kesho yake akaja na la kwake.

Halafu Novemba ile.
Upepo wa baharini ulikuwa ukiipinda antena,
picha inakuja, inakatika,
kwa hiyo Baba akatoka kibarazani na soksi zake
akaikumbatia ile fimbo kwa mikono miwili.
“Sasa?” alipiga kelele.
“Bado!”
“Sasa?”
“Hapo! Hapo hapo, usisogee!”
Ndani, watu walikuwa wamekaa juu ya ukuta wa Berlin
wakining'iniza miguu kama watoto.
Mwanamume alikuwa akigonga saruji kwa nyundo ya jikoni.
Kijana mwenye skafu alimbusu askari shavuni,
na askari hakujua mikono yake aipeleke wapi.
Mama alilia kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia.
“Wanafanya nini?” Baba aliuliza kutoka gizani.
“Wanapanda!”
“Wanapigwa?”
“Hawapigwi!”
“Rudia!”
“Hawapigwi, Endel! Hakuna anayepigwa!”

Alisimama huko nusu saa.
Antena haikutikisika tena hata mara moja.

Juzi nilimletea runinga bapa, pana kama mlango,
nikamtafutia usiku ule wote:
ukuta, nyundo, skafu, askari.
Alitazama hadi mwisho, mikono mapajani,
vidole vimekunjika kana kwamba vimeshika kitu.
“Picha safi,” akasema. “Haina chenga hata moja.”
Kisha akageuka kuelekea dirishani
akaniuliza kama nje kuna upepo.