Bani Lisilo na Moto

Mwaka huu sikuwasha bani.
Majirani wa Usoke wamepita, wamechungulia tanuru,
wamekuta majivu ya msimu wa juzi na kuku katotoa humo,
wakaenda kumwambia katibu wa chama
kwamba Nyamizi kachoka, au kafilisika, au vyote viwili.

Ndani, kwenye fito zilizozoea tumbaku,
nimening'iniza pakanga.

Ni mmea usio na haya. Uguse kwa kiwiko tu
harufu itakufuata hadi kitandani,
kama kafuri iliyomwagika kwenye nyasi mbichi.
Majani yake yamechanika chanika,
ungedhani ni karoti iliyoota kwa hasira
ikanipita kimo.
Uchungu wake usiulize. Mbuzi wa Mihayo alionja mara moja;
hadi leo akifika hapa huvuka njia.

Mbegu nilifungiwa kwenye karatasi ya sigara,
ndogo kama za tumbaku, mkono wangu ukazijua.
Aliyenipa, Kapufi wa stesheni, alisema:
huko China, zamani za kale, mtu aliandika
dawa ya homa ya vipindi kwa maneno machache.
Shika konzi moja. Loweka majini.
Kamua. Kunywa yote.
Hakuandika chemsha.

Nilicheka. Dawa gani isiyojua chungu?
Mimi kila jani lililonipa fedha
lilipita motoni kwanza,
magogo ya mitundu usiku kucha,
nami naamka saa nane kusoma kipimajoto
kama mtu anayesoma barua ya deni.

Basi masika, Mhoja alipoanza kutetemeka,
nilichemsha.
Nilichemsha hadi maji yakawa rangi ya chai ya msibani.
Alikunywa huku kanishika sikio.
Jasho likamtoka. Siku mbili akacheza.
Ya tatu homa ikarudi, imekuja na jamaa zake.

Sista Kalunde hakunigombeza.
Afadhali angenigombeza.
Alimtoboa kidole, akangoja mistari ya kipimo,
akauliza: Vikombe vingapi? Jani la lini?
Ulichuma kabla ya ua au baada?
Nikawa mwanafunzi aliyesahau daftari.
"Mama Mhoja, mmea si mwongo.
Ila hausemi ndani yake mna kiasi gani.
Na mdudu ukimpa kidogo kidogo, unamsomesha."

Akatoa kidonge cha manjano, chenye mfuo katikati.
"Huyu ni mjukuu wa pakanga. Kafungwa na mwenzake,
mmoja akichoka, mwingine asilale.
Mpe sasa. Tena baada ya masaa manane.
Kisha asubuhi na jioni, siku mbili,
hata ukimwona anaruka kamba.
Na maziwa, au karanga. Kinapenda mafuta."

Nilikinusa. Hakikunuka kitu.
Nilikilaza kwenye kiganja
chenye utomvu wa tumbaku wa miaka kumi na tisa
nikatafuta humo yale majani yenye kelele,
kama unavyomtafuta mwanao aliyerudi kutoka chuo,
amevaa viatu, anaongea taratibu,
anakuita "mama" kwa sauti ya mgeni.

Mhoja kaenda shule leo, kabeba ufagio.

Pakanga inakauka kivulini, bila haraka.
Mnunuzi ameahidi kuja na mizani;
wenye mashine wakatafute wenyewe kilichomo.
Huenda atakuja. Mwaka wa tumbaku pia waliahidi.

Ila saa nane za usiku bado naamka.
Mwili haujapewa taarifa.
Natoka na kurunzi, naweka kiganja kwenye ukuta wa bani:
baridi, kama paji la uso
la mtoto aliyepona.
Nasimama pale. Nanusa.
Kisha nakumbuka kuku, nafunga tanuru vizuri,
usiku huu kuna vicheche.