Mcheza kwa Nadra

Mundhir ananiuliza, mdomo umejaa chipsi za pilipili,
"Shangazi, katika michezo yote ya kompyuta
wewe hasa unaupenda upi?"
Kama kumuuliza mtu apandaye ndege kila miaka kumi
ni kiti gani kinachomstahiki.

Swali nimelipokea. Nimelitua chini
kama kikombe cha kahawa, lipoe kwanza.

Nimecheza, sikatai.
Nilicheza karata peke yangu
pale masjala ya hospitali, hapahapa Ibra,
mwaka ule kompyuta zilipoletwa
na mafaili bado yamelala kwenye makabati.
Ramadhani, saa nane mchana,
kiyoyozi kinanung'unika kama mkwe aliyenyimwa,
nami naweka kopa juu ya shupaza,
uru juu ya pau,
hadi karata zote zikafunguka, zikamwagika,
zikaruka kiooni kama dagaa.
Na daktari nyuma yangu:
"Bi Rayya, faili la yule mgonjwa wa sukari?"

Ule wa mabomu sikuuelewa hata leo.
Nilibonyeza, nikalipuka, nikaomba radhi.

Ule wa matofali yanayodondoka, usinitajie.
Unapanga, unapanga, safu ikijaa inatoweka.
Nimepika futari ya watu kumi na sita
kwa miaka thelathini.
Mchezo huo naujua.

Halafu ule wako.

Agosti, joto limevuka arubaini na sita,
hata paka wa jirani amehamia chini ya tangi la maji.
Ukanivisha spika za masikio juu ya mtandio,
ukanipa farasi, ukanipa upanga,
ukanifundisha: kidole hiki kinakwenda,
hiki kinaruka, hiki kinapiga.
Nikagonga ukuta. Nikagonga ukuta uleule.
Nikaingia mtoni na farasi wa watu.
Ulicheka mpaka ukalala zuliani,
na mimi nimekaza macho kama mwenye mtihani.

Ndipo ikaanza kunyesha.

Si mvua ya huku, inayofika kama mdai,
ikabeba gari la mtu wadini, ikaondoka bila kuaga.
Ile nyingine.
Inayoanzia mbali, ikanong'ona kwenye majani,
ikapiga hodi,
ikakaa.
Na masikioni mwangu, wallahi, bati.
Bati la nyumba yetu ya Tabora, saa kumi jioni,
mama anapanga masufuria kila panapovuja,
kila sufuria na sauti yake,
na mimi, miaka minane,
najua kwa kusikia tu lipi limekaribia kujaa.

Nikashuka farasini.

"Shangazi, wanakuja! Adui! Bonyeza!"
Waje.
"Kidole cha kupiga, shangazi!"
Wakaja. Wakaniua nimesimama wima,
uso nimeuelekeza juu.

Nikasema, nirudishe.
Ukanirudisha. Kilima kilekile, jua kali.
Mvua iko wapi?
"Inakuja yenyewe, shangazi. Haiombwi."

Nikacheka mimi zamu hii.
Sisi tuliosali kuiomba mara mbili mwaka huu,
uwanja mzima, watoto kwa wazee,
tukarudi nyumbani na vumbi kwenye kope!

Basi huo. Jina lake silijui, nawe usiniambie,
nitalisahau kabla ya Isha.
Wanasema mcheza kwao hutunzwa.
Mimi sijui kwao kwangu ni wapi
katika mchezo ule,
ila pale kilimani hakuna aliyeniuliza.

Siku hizi akija Alkhamisi kutoka chuoni Nizwa
namwekea wali na papa mkavu.
Naye, bila kuambiwa,
ananiachia farasi pale juu, anakwenda kuoga.
Anakawia kuoga, mtoto huyu.
Nakaa. Sibonyezi kitu.
Mara nyingine inanyesha.