Dakika Tatu

Nilifundisha miaka kumi na mitatu
katika shule ya matofali, upande wa chini wa mto,
huko Pensilvania, mahali kiwanda cha chuma
kilipofunga lango na kuondoka na kodi.
Kule kodi ya nyumba ndiyo inayolisha shule:
nyumba ikiwa kasri, mtoto hupata maabara,
nyumba ikiwa kibanda, mtoto hupata ndoo.

Ndoo tulikuwa nazo saba.
Nilizijua kwa sauti zao.
Januari zilinyamaza, maana maji yaliganda,
nasi tukasoma na makoti.

Kitabu cha sayansi kilikosa kurasa
arobaini na moja hadi hamsini na sita.
Ndimo moyo ulimokuwa. Moyo na mapafu.
Nikauchora ubaoni, chaki ndani ya glavu,
na Tobiah Renfro, wa dawati la nyuma,
akauliza: "Mwalimu, ng'ambo ya mto wanao moyo?"
Wenzake walicheka.
Nikamwambia wanao,
tena umechapwa kwa rangi.

Usiku ule madaftari yalilala.
Kalamu nyekundu ilisahihisha bajeti ya jimbo.

Sasa navaa viatu vinavyobana.
Nimejifunza kusema "kanuni ya mgawo" bila kupiga miayo,
kungoja kwenye korido za marumaru,
kujua kwamba hapana yao huja na kahawa.
Mswada wetu ulianguka kwa kura mbili,
mwaka uliofuata kwa moja:
mjumbe wetu alikuwa harusini kwa mpwa wake.
Mama hunipigia simu Jumapili:
"Ottoline, siku hizi unamfundisha nani?"
Watu wazima, Mama. Kutoa na kugawanya.
Hukaa kimya kidogo, kisha huuliza kama nimekula.

Mbele ya kamati mtu hupewa dakika tatu.
Taa ya kijani, ya manjano, nyekundu, halafu kipaza sauti hufa.
Nilikibeba kile kitabu.
"Mheshimiwa, tafadhali tusomee ukurasa wa hamsini."
Akafunua. Arobaini.
Akafunua tena. Hamsini na saba.
Akalamba kidole, akarudi nyuma polepole,
kama mtoto anayedhani kosa ni lake.

Muda wangu uliishia hapo. Nilijua.
Lakini taa ilibaki ya manjano,
nami nikasema, nikasema,
nikazimwaga ndoo zote saba kwenye zulia lao
na hakuna aliyenikata.

Nyuma ya kioo, penye mitambo,
mwanamume mwenye ndevu alikuwa ameketi,
mikono mapajani, mbali na swichi.

Tulipata nusu. Mapaa, ndiyo.
Vitabu, watatazama mwakani.

Alinipita mlangoni akikunja waya begani.
"Nilikosea saa, Mwalimu. Unazijua hesabu zangu."
Nilipekua mkoba, risiti, peremende, risiti,
nikaipata kalamu nyekundu,
nikashika kiganja chake
nikamtia vema.