Mto Uitwao Kama

Huku Perm mto wetu unaitwa Kama.
Jina hilo nimelikuta, sikulitunga.
Kila Aprili barafu inapopasuka
nausikia ukijitaja usiku kucha,
kama, kama, kama,
nami nalala macho, najaza yanayofuata.

Mimi ni Yelisei, mshona viatu vya baleti.
Si viatu vya kutembelea. Ni vya kusimamia ncha ya kidole
na kuidanganya sakafu kwamba hukuigusa.
Tabaka sita za kitani, gundi ya unga wa ngano,
satini juu yake, na chini, kwenye soli,
alama yangu: samaki mdogo,
haonekani mpaka mchezaji ainue mguu.
Miaka kumi na mmoja Faina aliwakanyaga samaki wangu.
Wengine walimjua kwa uso. Mimi nilimjua kwa chini.

Wahenga walisema mapenzi na kikohozi havifichiki.
Hawakuitaja soli.
Jozi zake za mwanzo zililika sawasawa,
kulia na kushoto, za mtu anayejitegemea.
Kisha Savva akapewa kazi ya kumshika kiuno
na viatu vikaanza kulika upande mmoja.
Alikuwa akimwegemea.
Kidogo tu, unene wa ukucha.
Nilijua kabla yake yeye mwenyewe.
Nikaongeza kitani upande ule, nikanyamaza.

Kwenye baleti hakuna anayesema. Kuna mikono.
Viganja viwili kifuani: nakupenda.
Vidole viwili juu: naapa.
Kidole kinachogusa mahali pa pete: nioe.
Ngumi mbili zilizopishana, zikashushwa: kifo.
Nilijifunza yote hayo kutoka roshani ya juu,
kwenye viti vya bei rahisi, nyuma ya nguzo.

Mwaka ule waliandaa hadithi ya mchumba wa mpiga kengele.
Bwana anaanguka kutoka mnarani;
sehemu ya tatu bibi anacheza na kivuli chake,
anaegemea hewa.

Jioni ya kuamkia onyesho, mwisho wa Machi,
Savva alivuka kwa miguu kuja kuchukua viatu vya Faina.
Daraja lilikuwa mbali, naye alikuwa na haraka ya kupendwa.
“Gundi haijakauka,” nikamwambia.
Akacheka, akavitia ndani ya koti, ubavuni.
“Vitakaukia hapa.”
Chai ilikuwepo, samovari ikichemka.
Sikumkaribisha. Sikutaka furaha ile ikae kwenye kiti changu.
Mlangoni akageuka: “Barafu bado inabeba?”
Nikajibu bila kuinua macho kutoka kwenye sindano:
“Jana ilibeba.”

Ni kweli. Jana yake ilibeba.

Kesho yake wakamwambia Faina kwamba Savva ana homa.
Akacheza na viatu vikuukuu, na kijana mwingine akawa kivuli.
Alipofika pale pa kuegemea hewa
aliinama upande uleule, unene wa ukucha,
na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi.
Mimi peke yangu sikusimama.

Mei mto ukamrudisha, chini huko, kwenye magogo ya kiwanda cha mbao.
Viatu vilikuwa bado ndani ya koti.
Gundi ilikuwa imeyeyuka yote, kitani kimefumuka.
Samaki alikuwa mzima.

Faina akaja karakanani. Hakubisha hodi.
Aliviweka mezani kati ya mkasi na nta,
akavigeuza, soli juu.
Akagusa kidole chake mahali pa pete.
Akapishanisha ngumi, akazishusha taratibu,
taratibu kuliko alivyowahi kufanya jukwaani.
Kisha akaninyooshea mimi kiganja kitupu,
akangoja.

Nikainua vidole viwili, niape.
Nje maji yalikuwa yakipita, yakijitaja.
Sikujua naapa nini.
Nikavishusha.